Tarakimu milioni 41 za nini?

Oktoba 2024, Luke Durant alipoibua namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, yaani 2 kwa kipeo cha 136,279,841 ukitoa 1, swali lilirudi lilelile: inatusaidia nini? Ina tarakimu 41,024,320. Baadhi ya wanaoitetea hukimbilia kusema kwamba namba tasa ndizo zinazolinda siri za benki. Ni utetezi mbovu, na unawapa wapinzani ushindi wa bure. Usimbaji wa RSA, mbinu ya kuficha ujumbe inayotegemea namba tasa, hutumia zile za tarakimu mia chache tu, tena za siri. Hii ya Durant inajulikana dunia nzima.

Wapinzani wana zaidi ya hilo. Kuipata namba tasa ya Mersenne ya 52 inayojulikana (yaani tasa ya umbo hili, 2 kwa kipeo fulani ukitoa 1) hakujatusogeza hata kidogo kwenye swali la kama namba hizo zina mwisho. Namba kamilifu mpya, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawanyo vyake vidogo kuliko yenyewe, imekuja nayo, kweli, lakini hiyo ni zawadi ya Euklidi, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, si ya Durant. Na umeme umeliwa, maana kadi za michoro za kompyuta zilifanya kazi katika vituo vya data vya nchi 17.

Yote nayakubali. Kinachosahaulika ni jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Kipimo cha Lucas-Lehmer, kinachoamua kama namba ya umbo hili ni tasa, huanza na 4: izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba inayochunguzwa, chukua baki, rudia. Kwa namba hii unarudia mara 136,279,839, na baki la mwisho lazima liwe sifuri. Baada ya raundi chache za mwanzo, kila raundi inazidisha namba ya mamilioni ya tarakimu kwa yenyewe. Biti moja ikiteleza kwenye raundi ya milioni 90, raundi milioni 46 zinazofuata ni takataka tupu. Picha ikiharibika nukta moja hakuna anayeona. Hapa hakuna msamaha.

Ndiyo maana Prime95, programu ya George Woltman aliyeanzisha mradi wa msako huu, GIMPS, mwaka 1996, inapendwa na mafundi wasiojali kabisa nadharia ya namba. Wanataka tu kujua kama mashine itastahimili. Mapema 2016 ilifichua kasoro katika prosesa za Skylake za kampuni ya Intel, na Intel ikalazimika kutoa marekebisho. Mwaka 1994 mwanahisabati Thomas Nicely alikuwa akikokotoa namba tasa pacha, yaani jozi za tasa zinazopishana kwa 2, alipobaini kwamba prosesa ya Pentium, nayo ya Intel, inakosea kugawanya. Mara zote mbili chipu zilikuwa tayari sokoni.

Basi bakini na kipimo, muache msako? Hoja si mbaya. Lakini Nicely hakuwa akipima prosesa. Alikuwa akitafuta jibu, na kwa kuwa alilihitaji liwe sahihi, hakuipuuza tofauti ndogo aliyoikuta.

Hata kuhusu umeme, zamani kila jaribio lilirudiwa lote na mashine ya pili. Siku hizi mashine hutoa cheti kinachokaguliwa kwa sehemu ndogo sana ya kazi hiyo. Namba ikionekana tasa, hapo hakuna njia ya mkato. Ile ya Durant ilijitokeza kwenye kadi iliyokuwa Dublin tarehe 11 Oktoba kama inayoelekea kuwa tasa, nyingine ya San Antonio ikaithibitisha kesho yake kwa Lucas-Lehmer, kisha ikarudiwa kwa programu na mashine tofauti kabla ya kutangazwa tarehe 21.