Ukipinduka Serolipi, ambulensi ni ya nani?

"Mmeshavuka mto au bado?"

Hilo ndilo swali la kwanza tuliloulizwa tulipoita ambulensi usiku ule, mahali fulani kati ya Archers Post na mji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, baada ya dereva wa basi letu kupanda kichuguu akitafuta mtandao. Lori la mifugo lilikuwa limelala ubavu nje ya lami. Mbuzi waliosalia walikuwa wakilia gizani, na watu watatu waliokuwa wamekaa juu ya vyuma, kama ilivyo desturi ya malori hayo, walikuwa wamerushwa kwenye changarawe. Utingo alikuwa amevunjika paja. Mzee mmoja abiria alilinyoosha, akaliegemeza kwenye fimbo yake ya kuchungia na kulifunga kwa shuka. Sisi tulidhani tunaulizwa habari za mto ili gari lijue pa kutufuata. Kumbe aliyeshika simu alitaka kujua kwanza kama tumo katika eneo lake. Tukapewa namba nyingine tupige.

Barabara ya Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500, inapita kaunti tatu, na mipaka yake inafuata maji. Ukivuka Ewaso Nyiro pale Archers Post umetoka Isiolo na kuingia Samburu. Ukivuka Merille, ambayo ni laga, yaani mto wa msimu, ya mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, umeingia Marsabit. Katikati ya mito hiyo ndipo ilipo Serolipi. Anayeumia hapo ni mgonjwa wa Samburu kwenye karatasi, lakini makao makuu ya Samburu yako Maralal, mbali magharibi, ng'ambo ya milima na njia mbovu, ilhali mji wa Isiolo uko chini ya kilomita 40 kutoka Archers Post. Kila dereva wa njia hiyo anajua majeruhi apelekwe wapi. Karatasi ndizo hazijui.

Sheria haikukosea kwa kunyamaza. Imesema mambo mawili yasiyokutana. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazitwika kaunti huduma za ambulensi, kwa kuzitaja kabisa. Jedwali hilohilo linaipa serikali ya kitaifa ujenzi na uendeshaji wa barabara kuu. Kifungu cha 43 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 ikafafanua kwamba matibabu hayo yanaanza kabla mgonjwa hajafika hospitalini. Vizuri. Ila hakuna mahali palipoandikwa nani atajaza dizeli gari linalomfuata majeruhi Turbi, kaskazini mwa mji wa Marsabit, saa nane za usiku.

Upande wa kaunti una hoja nzito kuliko Nairobi inavyopenda kukiri. Marsabit peke yake ina karibu kilomita za mraba 70,000, eneo kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 459,785. Kazi kubwa ya ambulensi za kaunti kama hiyo ni rufaa: mama aliyekwama na uchungu North Horr, mtoto wa Kargi anayehitaji damu. Gari likiitwa barabarani na kukaa huko saa sita, mama wa North Horr hana gari. Na wanaopinduka barabarani wengi si wapiga kura wa gavana. Ni madereva wa malori yanayokwenda Ethiopia na kurudi, wafanyabiashara wa mifugo, na watalii wanaoelekea mbugani. Lami yenyewe imeongeza kazi. Zamani safari ya Moyale hadi Nairobi ilikula siku mbili au tatu, na mawimbi ya ile barabara ya vumbi yalikuwa kizuia mwendo tosha. Siku hizi mtu anakanyaga mafuta kwenye mnyoosho wa Dida Galgalu, na usiku ngamia wamelala juu ya lami kwa sababu ina joto. Faida ya barabara inakwenda nchi nzima, mifupa inabaki kwa kaunti.

Kwa nini basi serikali ya kitaifa isichukue jukumu lote? Mtu wa kaskazini aliyepita miaka 50 ana jibu tayari. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye mazao ya haraka, na kaskazini haikuwamo. Huduma zilipokuwa mikononi mwa Nairobi, kaskazini ilisubiri hadi kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Baada ya hapo likaja somo la pili: mpango wa 2015 wa kukodisha vifaa vya hospitali, ambapo serikali kuu iliziamulia kaunti mashine gani zichukue. Nyingine zikakaa bila kutumika, hakuna umeme wa kutosha wala mtaalamu wa kuziendesha, hadi Seneti ikaunda kamati kuchunguza. Ambulensi iliyoamuliwa Nairobi inaweza kuishia hivyohivyo, imeegeshwa chini ya mti na magurudumu hayana upepo.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo mimi nalipa uzito mkubwa. Anayepiga simu usiku hasemi namba ya kilomita. Anasema "tumepita Logologo, laga ya tatu, penye mti mkubwa", tena pengine kwa Kirendile au Kiborana. Atakayemwelewa ni mtu wa hapohapo, si kijana wa kituo cha simu cha mjini, hata awe na kompyuta nzuri namna gani.

Lakini kaunti nazo zisijifiche nyuma ya ukubwa wa ardhi. Tumeshazoea kuona ambulensi mpya zikipangwa mstari na kukatiwa utepe mbele ya kamera, na hakuna anayeuliza kama bajeti ya mwaka ule ina mishahara ya wahudumu wa zamu ya usiku. Ambulensi bila mhudumu ni teksi yenye king'ora.

Wengine watasema suala hili limeshatatuliwa na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, iliyounda mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Mfuko huo ni hatua, siubezi. Shida ni kwamba bima hulipia mgonjwa aliyehudumiwa, na gharama kubwa ya ambulensi ya barabara ya mbali ni kungoja. Dereva, muuguzi, oksijeni na matairi vinakula pesa hata wiki ambayo hakuna aliyeanguka. Ukilipa kwa safari, utapata magari mengi Thika Road ya Nairobi, na Turbi hutapata hata moja.

Kwa hiyo mimi nagawa hivi: kaunti ibaki mwajiri na msimamizi, serikali ya kitaifa ilipie kungoja. Fedha zipo pa kuanzia. Ushuru wa ukarabati wa barabara ulipandishwa mwaka 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta, na magavana na wabunge wameuvutania hadi mahakamani. Katika mvutano huo sijasikia upande wowote ukitaja majeruhi. Sehemu ndogo yake ingeweka vituo vichache vya kudumu kando ya barabara hii, kwa sharti moja: gari lililo karibu ndilo linaloondoka, mto uwe umevukwa au haujavukwa, na serikali zidaiane baadaye. Kifungu cha 189 tayari kinaziruhusu serikali kuunda kamati za pamoja.

Hofu ninayoiheshimu ni ya Afrika Kusini. Huko mfuko wa ajali za barabarani unalishwa na tozo ya mafuta na umezama katika madeni ya mabilioni ya randi. Ila ule hulipa fidia, na fidia huleta mawakili. Ndiyo maana nasema kungoja tu: mishahara, mafuta, dawa za garini. Matibabu yabaki kwa bima.

Hata vituo vikiwepo, wa kwanza kufika atakuwa dereva mpita njia. Tanzania imelikubali hilo kupitia m-mama: unapiga 115, ambulensi ikikosekana anaitwa dereva wa teksi wa jirani aliyesajiliwa, na malipo yake yanaingia kwenye simu. Ule ni mpango wa wajawazito na watoto wachanga, lakini sioni kwa nini mwenye gari dogo la Probox wa Laisamis asiandikishwe vivyo hivyo kwa ajili ya waliovunjika.

Majeruhi wetu walibebwa na canter ya nyanya, juu ya makreti. Wiki mbili baadaye nilimpigia dereva wake kuuliza habari za yule utingo. Hakujua, alimwacha mlangoni pa hospitali, kisha akashindwa kuondoka hadi kesho yake mchana kwa sababu alitakiwa kuandikisha taarifa. Halafu akaniuliza, kwa upole tu, kama namjua mtu wa serikali anayeshughulikia malipo ya nyanya zilizoharibika.