Mashindano ya watoto, kalamu ya nani?

Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walipanda jukwaani Nakuru, Kenya, kwenye tamasha la kitaifa la shule la drama na filamu, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka bila kuigiza. Walikuwa wamezuiwa kuigiza, na Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe. Nje, polisi walikuwa wakirusha vitoza machozi. Mtunzi wa tamthilia yao, Cleophas Malala, aliyewahi kuwa seneta wa Kakamega, alikuwa amekamatwa. Katika kelele zile, upande wa serikali ulihoji: mwanasiasa asiye mwalimu anawaandikia wanafunzi kwa nini? Tulilipuuza swali hilo, na sababu tulikuwa nayo, kwani lilikuja likiwa limeambatana na marungu. Lakini swali lenyewe ni zuri, na halihusu siasa peke yake. Mwanasiasa akiondoka, mwalimu angali pale na kalamu yake.

Anayeyajua mashindano ya shule anajua siri hii. Shairi la mtoto wa darasa la sita lina vina na mizani isiyoteleza hata mara moja. Mchoro wa ufuo umetiwa kivuli kwa ustadi wa fundi wa mabango. Niliwahi kumuuliza mtoto mmoja aliyekuwa ameshika mchoro wa namna hiyo jinsi alivyoipata ile rangi ya bahari. Akamtazama mwalimu wake.

Hata hivyo, wanaotetea mkono wa mkubwa wana hoja nzito. Tamasha la drama limekuwapo tangu 1959, na lingekuwa jambo la kuchosha kama lingetegemea miswada ya watoto watupu. Mwanafunzi anayekariri mistari iliyoandikwa vyema anajifunza pumzi, mdundo na ujenzi wa mgogoro, mambo ambayo hakuna kitabu cha kiada kinachoyafundisha hivyo. Ushairi wetu nao ulikua kwa namna hiyo: mwanagenzi humfuata malenga, huiga bahari zake, yaani mitindo yake ya mashairi, kwa miaka, ndipo apate sauti yake. Kuiga si wizi. Tofauti ni kwamba mwanagenzi haendi kupokea kikombe kwa utungo wa mwalimu wake.

Wengine husema dawa ni kuwaandikisha watoto ndani ya chumba, chini ya msimamizi. Kenya imelijaribu hilo kwa karibu miaka 40. Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kuanzia 1985 hadi 2023, kila mtahiniwa aliketi akaandika peke yake. Insha ilipewa dakika 40 na alama 40. Tulivuna nini? Jogoo waliowika alfajiri nchi nzima, jua lililochomoza kwa madaha, methali tatu katika kila aya, nyingine zikiwa hazina uhusiano wowote na kisa. Mkono wa mkubwa haukuwa chumbani, lakini ulikuwa umeingia kichwani mapema, kupitia daftari la misemo ya kukariri. Na mtahini aliipa misemo hiyo alama.

Kwa hiyo mimi siwalaumu sana walimu. Mwalimu hufuata anachokitaka jaji. Mashindano ya insha ya Jumuiya ya Madola, yaliyoanza 1883, hupokea kazi zilizoandikwa nyumbani, ziwe hadithi, barua au mashairi, na hakuna anayeweza kuapa kwamba mzazi hakusaidia. Sasa kuna akili unde pia, na ulinzi wa mlangoni umekuwa mgumu zaidi.

Ninachokiona kinawezekana ni kuhamishia kazi hiyo ya ulinzi kwenye hatua ya mwisho. Jukwaani, jaji wa drama husimama na kutoa maoni yake mbele ya waigizaji; mwandishi wa insha hupokea cheti tu, au kimya. Wale kumi bora waitwe. Kila mmoja aulizwe kwa nini alimalizia pale alipomalizia, kisha apewe nusu saa aandike ukurasa unaofuata. Mchoraji apewe brashi. Aliyesaidiwa kidogo atajulikana, na hana kosa. Aliyeandikiwa yote atajulikana pia. Jambo hili litawagharimu wafadhili nauli na siku mbili za majaji, na kwa kawaida bajeti hizo huishia kwenye fulana na hema.