Dawa nazo hubadilisha vipokezi

Ndugu mwandishi, umesema skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo, hutokana na vipokezi vya dopamini (sehemu za seli zinazopokea kemikali hiyo ya kupeleka ujumbe) kuzidi ubongoni. Naomba uongeze jambo. Ni kweli bongo za wagonjwa marehemu zilizochunguzwa miaka ya 1970 zilionyesha vipokezi vya D2, aina moja ya vipokezi hivyo, vimeongezeka, lakini wengi wao walikuwa wametumia dawa za ugonjwa huo kwa miaka, na dawa hizo, kwa kuviziba vipokezi, huufanya ubongo uviongeze. Picha za PET, yaani skana inayoonyesha kemikali zinavyofanya kazi katika ubongo ulio hai, za wagonjwa ambao hawajaanza dawa zimeonyesha tofauti kubwa zaidi iko kwenye dopamini inayotengenezwa na kumwagwa. Vipokezi vimezidi kidogo tu, kama vimezidi.

Hili linanigusa. Mdogo wangu mwenye ugonjwa huu, hapa Kondele, Kisumu, aliacha haloperidoli, moja ya dawa hizo, ghafla baada ya jirani kumwambia amepona. Wiki chache tu sauti zikarudi, akatoka usiku akielekea ziwani. Shangazi akasema ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko. Hakuna aliyekuwa ametueleza kwamba ubongo uliozoea kuzibwa hivyo haufai kuachiwa kwa mara moja, na kwamba daktari hupunguza dozi polepole. Sasa anameza tena, nami namhesabia vidonge kila jioni.