Tuulize chakula cha kuku kilisagwa lini

Kwenye maduka ya vyakula vya mifugo, Kongowea hadi Kisauni hapa Mombasa, mteja huuliza bei kwanza, kisha kama kina omena (dagaa) ya kutosha. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kilisagwa lini. Kwa sisi tunaofuga Pwani, naamini hilo ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na sababu yake ni vitamini E.

Tumezoea kuambiwa kuwa nafaka inayo tayari. Ni kweli inayo, ila si yote inayomfaa mnyama. Vitamini E ni jamii ya viini vinane: tokoferoli nne na tokotrienoli nne. Mwili wa mnyama hushika zaidi alfa-tokoferoli. Mahindi, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa chakula cha kuku wetu, yamejaa gama-tokoferoli, na nguvu yake mwilini hukadiriwa kuwa kama sehemu moja ya kumi ya alfa. Ngano na shayiri nazo zina tokotrienoli nyingi, ambazo pia ni dhaifu. Kwa hiyo hesabu ya jumla inaweza kupendeza kwenye karatasi huku kifaranga akipata kidogo.

Tokoferoli nyingi ya mahindi imo kwenye kile kijusi cha punje, yaani sehemu inayochipua mmea, pamoja na mafuta. Wasagishaji wakikoboa kwa ajili ya sembe, kijusi hutolewa na kuuzwa kwa wafugaji. Kikiwa kipya ni chakula kizuri mno. Lakini punje ikishavunjwa, mafuta yake hukutana na hewa, na vitamini E huteketea ikiyakinga yasichache. Joto na unyevu huharakisha kazi hiyo, na Mombasa tuna vyote viwili karibu mwaka mzima. Tia mkono katikati ya gunia lililolazwa sakafuni chini ya mabati: utakuta vuguvugu, mabonge yaliyoshikana, na harufu ya mafuta yaliyorudiwa kukaangiwa. Protini iliyoandikwa kwenye lebo huenda bado imo. Vitamini ndiyo iliyotangulia kuondoka.

Omena iliyochacha huzidisha shida, kwa sababu mafuta ya samaki huharibika upesi na kuongeza mahitaji ya vitamini E.

Matokeo ya kukosa vitamini E yanaumiza kuyatazama. Vifaranga wa wiki mbili hadi nne huanza kuyumba, wakaanguka ubavu, shingo ikapinda nyuma na miguu ikanyooka. Ubongo wao unavimba na kuvuja damu. Jirani atasema ni kideri (ugonjwa wa Newcastle), nawe utakimbilia chanjo. Mpeleke mmoja kwa daktari wa mifugo ampasue kabla hujatumia pesa, maana kideri nacho hupinda shingo. Ndama na wana-kondoo hupata lao, misuli kuwa myeupe na kukakamaa, hasa pale ambapo na madini ya seleniamu yamepungua.

Ndiyo maana nasema tarehe ya kusaga iandikwe kwenye kila gunia, kwa herufi za kuonekana, na muuzaji asiyeijua asinunuliwe. Mfugaji mdogo ndiye anayebeba hasara yote ya gunia kuukuu, na hana namna ya kuiona kwa macho. Kununua cha kutosha wiki mbili au tatu ni bora kuliko kurundika kwa sababu bei imeshuka, na gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Wanaochanganya wenyewe wasitegemee mahindi peke yake. Premiksi, ule mchanganyiko wa vitamini na madini unaoongezwa kwenye chakula, iwe na vitamini E ya asetati, ambayo huhimili hewa kuliko tokoferoli tupu, na ichanganywe karibu na siku ya kulisha. Ng'ombe na mbuzi wapewe majani mabichi kila yanapopatikana: majani yaliyokatwa leo yana alfa-tokoferoli nyingi kuliko nafaka, ilhali nyasi kavu iliyoanikwa juani imeshapoteza sehemu kubwa.