Shamba la Mjomba Lahamia Kwenye Barafu

Mjomba wangu ni mpima ardhi mstaafu. Chini ya kitanda chake pale Morogoro kuna sanduku la bati lenye ramani 42 za zamani, zile za 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1. Mende walikuwa wameshaanza kujigawia viwanja humo. Nikamshauri tuziingize kwenye kompyuta. Steshenari yenye skana kubwa ikataka shilingi 15,000 kwa karatasi.

Mjomba akavua miwani. "Laki sita na thelathini? Kwani hiyo simu yako haina kamera?"

Tukaazima ngazi ya fundi rangi, tukang'oa kioo cha meza ya sebuleni tulazie mikunjo. Mkewe akaguna, akahamia jikoni. Kutwa nzima niko juu ya ngazi, shingo kama ya korongo. Jioni nafungua picha: kila ramani nimo mimi! Kioo kimenitoa vizuri kuliko studio, pua imekalia milima ya Uluguru.

Tukarudia zote bila kioo, na feni tukazima zisipeperuke. Tone la jasho likanidondoka juu ya mto Ruvu.

"Acha," akasema Mjomba, "kiangazi hiki nao unahitaji."

Nikaziingiza kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani. Unabofya gridi zinapokutana, unaandika namba zilizochapwa pembeni, unachagua kanda, yaani kile kipande cha dunia ramani ilipo. Yetu ni 37. Sasa kwenye orodha ziko 37 mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, zimepandana kama mapacha kitandani, na mimi saa saba hiyo ya usiku nasinzia.

Asubuhi Mjomba akaita watu: mkewe, wajukuu, na jirani wa shambani, ambaye chai ya watu haimpiti. Nikabofya duara la penseli alilochora mwenyewe miaka hiyo kuonyesha shamba lake. Buluu tupu. Nikarudi nyuma kidogo, bado buluu. Nikarudi zaidi: Bahari ya Aktiki, kama kilomita 750 tu kufika Ncha ya Kaskazini.

Mkewe akatazama, akatikisa kichwa. "Ndiyo maana mahindi hayaoti."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa, kisha akanisomesha mbele ya watoto. Kanda za kusini huipa Ikweta mita 10,000,000, halafu unapunguza kadiri unavyoshuka. Za kaskazini huanza na sifuri pale pale Ikweta. Morogoro iko kilomita 750 hivi chini ya Ikweta, kwa hiyo namba yake ni milioni 9 na ushee. Mimi nikaiambia kompyuta ihesabu hizo zote kwenda juu. Ikatii.

Nikabadilisha kuwa Kusini. Shamba likarudi nyumbani, watu wakapiga makofi. Ila duara lilikuwa limepanda kaskazini kama mita 300, limekaa barabara juu ya banda la ng'ombe la jirani. Nikakumbuka: ramani hizi zimepimwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, mimi nimeacha WGS 84, mfumo wa GPS.

"Mjomba, hapa kuna kosa dogo, ngoja nire..."

Alinibana mkono. Yeye ndiye aliyenifundisha habari za Arc 1960. Akamtazama jirani, ambaye kikombe kilikuwa kimemgandia mdomoni.

"Usiguse kitu, mwanangu. Nenda kachape hivyo hivyo. Ya rangi."