Tairi kubwa la spea libebwe na chasi, si mlango

Oktoba 2024, Land Rover zilipojaa Arusha kwenye tamasha lao, watu wengi walipiga picha boneti na taa za mbele. Mimi nilizunguka nyuma kutazama milango. Nilihesabu bawaba zilizolegea, na milango iliyoinama upande wa komeo, mpaka rafiki yangu akaniuliza natafuta nini.

Nilikuwa na sababu. Land Rover yangu, Defender 110, niliitoa kwenye tairi nyembamba za 7.50R16 nikaivisha pana za 285/75R16, na la tano, yaani la spea, nikalifunga palepale lilipokuwa la zamani, kwenye mlango wa nyuma. Kwa kimo hazipishani sana, kama sentimita 83 kwa 81. Kinachoumiza ni upana na uzito. Tairi pana hukaa mbali zaidi na mlango, na kadiri linavyojitenga ndivyo linavyozivuta bawaba. Pamoja na rimu ya chuma, ni mzigo unaomtoa jasho mtu mzima kuunyanyua. Na mlango wenyewe ni bati la aluminiamu juu ya fremu ya chuma.

Kwenye lami hutaona kitu. Mimi nilikuwa naelekea Ngare Sero, kando ya Ziwa Natron, kupitia Mto wa Mbu, barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati. Kabla ya Engaruka nikasikia mlio nyuma, kama mtu anagonga sufuria. Niliposimama, bati lilikuwa limepasuka kuzunguka boliti za kishikio cha tairi, na mlango ukafunguka kwa kuinuliwa. Tulilifunga tairi ndani kwa kamba, juu ya magodoro, tukaendelea polepole.

Fundi wa kwanza alinishauri tuchomelee bamba nene mlangoni. Nilikataa, na bado naona nilifanya vizuri: bamba linaongeza uzito kwenye bawaba zilezile. Dawa ni mkono wa chuma unaozungukia kwenye bampa la nyuma, bampa lenyewe likiwa limefungwa kwenye chasi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Mlango ubaki mlango.

Mkono huo una mambo yake. Mhimili wake uzunguke kwenye beringi na uwe na nipeli ya kutia grisi, kwa sababu bomba ndani ya bomba litaliwa na vumbi. Kibanio cha upande wa pili kiubane kwa nguvu kwenye mpira. Kikiwa na nafasi hata ndogo, mkono utacheza na chuma kitachoka pale pale penye weldi. Uwe pia na pini ya kuuzuia ukiwa wazi. Gari likiwa limesimama mteremkoni, mkono wenye tairi hilo unaweza kumvunja mtu mguu. Hili naliomba sana kwa wenye watoto.

Wapo wanaolipandisha kwenye keria ya juu ya paa. Gari linakuwa zito juu, na ukipata pancha peke yako matopeni utalishushaje? Wazee wa Land Rover za zamani waliweka spea juu ya boneti, lakini tairi la leo likikaa pale linamziba dereva asione mbele. Wengine hubaki na spea ndogo ya zamani. Defender huendesha magurudumu yote manne muda wote, kwa hiyo tairi moja fupi linaifanya difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ifanye kazi bila kupumzika. Ukiifunga hiyo difu kwenye ardhi ngumu, unaitafutia kuvunjika. Spea iwe saizi ileile.

Ukipeleka kazi kwa fundi, nenda na tairi lenyewe, lijaribiwe mahali pake kabla hajachomelea chochote. Angalia namba ya gari na taa za breki zinaonekana, na lisishuke chini ya bampa, la sivyo litakwaruza ukipanda korongo. Kisha safari ya kwanza, baada ya kilomita kama 100 za vumbi, simama ukaze nati zote. Zangu mbili zilikuwa zimeshaanza kulegea.