Tukubaliane kwanza lipi litangulie

Timu ikitaka kukubaliana kuhusu tunu zake, huitishwa kikao, karatasi zikabandikwa ukutani, kila mtu akaandika neno lake. Kufikia jioni yamepatikana manne au matano: uadilifu, ushirikiano, ubunifu, kumjali mteja. Wote wanapiga makofi. Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanza, kwa sababu neno lisiloweza kupingwa na yeyote halijaamua chochote. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, nayo ilikuwa na yake manne: mawasiliano, heshima, uadilifu na ubora. Desemba 2001 ikafilisika, hesabu zake zikiwa zimepikwa.

Wengi wetu hatuamki asubuhi tukichagua kati ya uadilifu na wizi. Kinachotuvuruga kazini ni mambo mawili mazuri kugombania saa ileile. Niliwahi kuwa kwenye timu iliyojinadi kwa umakini na kasi. Alasiri moja, ripoti ikisubiriwa na mteja, mwenzetu aligundua kuwa jedwali moja halijumlishi sawasawa. Akamwandikia kiongozi. Jibu likaja: "Tuma tu, tutarekebisha baadaye." Akaitazama skrini kwa muda, akatuma, akafunga kompyuta. Tangu siku ile sikumwona tena akikagua hesabu za mwenzake. Huenda kasi ilikuwa na sababu zake siku hiyo. Kinachoniuma ni kwamba hatukuwahi kukaa tukasema lipi litangulie, kwa hiyo aliyekuwa makini ndiye aliyejiona mkosaji.

Ndiyo maana naiheshimu hati ya kampuni ya dawa na bidhaa za afya ya Johnson & Johnson ya mwaka 1943. Mkuu wake, Robert Wood Johnson, aliwapanga watu kwa zamu: kwanza wanaotumia bidhaa, yaani madaktari, wauguzi, hospitali na akina mama, kisha wafanyakazi, kisha wasimamizi, kisha jamii, wenye hisa mwisho. Mwaka 1982, watu 7 walipokufa eneo la Chicago kwa vidonge vyake vya maumivu vya Tylenol vilivyotiwa sumu ya sianidi, kampuni iliondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31. Kampuni hiyohiyo imeshtakiwa kwa mengine baadaye, na hati haimlindi mtu aliyeacha kuisoma. Lakini siku ile swali la nani atangulie lilikuwa na jibu tayari.

Kiwandani Toyota kuna kamba ya kutoa ishara iitwayo andon. Mfanyakazi akiona kasoro anaivuta, kiongozi wa kikundi anakuja, na tatizo lisipotatuliwa kabla gari halijafika mwisho wa kituo, mstari mzima unasimama. Watu husifu kamba. Mimi namtazama kiongozi anapofika. Akija na "nani kakosea?", kamba itaning'inia hapo bila kuguswa.

Kama unaongoza timu, acha maneno ya ukutani kwa sasa. Chukua kisa kimoja cha mwezi uliopita kilichowagawa. Kila mtu aandike peke yake angefanyaje, wewe ukisema mwisho kabisa, maana ukitangulia utaandikiwa mawazo yako mwenyewe. Bishaneni mpaka mpate sentensi inayotaja gharama na anayeibeba. Kwa ile timu yetu ingekuwa hivi: hesabu ikiwa na shaka, ripoti itachelewa, na kiongozi ndiye atakayempigia mteja simu.